Edward Saidi Tingatinga: Mchoraji Aliyeihamishia Nyika ya Kusini Jijini Dar es Salaam

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kusoma maisha ya wasanii walioacha maneno. Tumesoma maisha ya Muyaka wa Mombasa na ya Shaaban Robert wa Tanga, na kila tuyasomapo tunajifunza jinsi mtu na mahali pake wanavyoingia katika kazi ya sanaa. Ni mara chache tunasoma maisha ya msanii aliyeacha picha. Makala haya yanakusudia kuliziba pengo hilo japo kwa kiasi kidogo, kwa kusimulia maisha ya Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mchoraji wa Tanzania ambaye jina lake sasa ni jina la mtindo mzima wa uchoraji katika Afrika Mashariki.

Swali lililonisukuma kuandika lilizaliwa nyumbani. Mimi ni mwenyeji wa Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Msafiri anayetoka huko kwenda Kitale huandamana na Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, upande wake wa kushoto. Katikati ya mahindi na miwa bado kuna mivule mikubwa, na murembe wenye maua mekundu haujatoweka. Hata hivyo, mchoraji wa huko akipewa ukuta wa hoteli aupambe, mara nyingi huchora minazi, bahari na jahazi. Bahari yenyewe huenda hajapata kuiona, ilhali mvule uko nyuma ya hoteli hiyo hiyo. Kwa nini mchoraji wa mjini huona haya kuchora mti wa kwao? Naamini maisha ya Tingatinga yanatoa jibu, kwa kuwa yeye hakuona haya.

Kuzaliwa na kukulia

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanganyika, si mbali na Mto Ruvuma unaoitenganisha nchi hiyo na Msumbiji. Jina lake lenyewe linamfunulia msomaji hali ya jamii aliyotoka: Edward ni jina la Kikristo, Saidi ni la Kiislamu, na yote mawili yalikaa kwa mtu mmoja bila ugomvi. Tingatinga ni jina la ukoo, ingawa kwa msemaji wa Kiswahili neno hilo humaanisha trekta. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alipata miaka michache tu ya shule ya msingi.

Nchi ya Tunduru ni nyika ya miombo. Ni pori la miti inayopukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchipua majani mekundu kabla ya mvua kuanza. Humo mna mninga, mna mpingo, na mna wanyama wengi. Mpaka leo tembo hupita katika ushoroba unaoiunganisha Selous ya Tanzania na Niassa ya Msumbiji, na ushoroba huo unapita Tunduru. Kwa mtoto wa huko, chui, nyati na tembo hawakuwa wanyama wa vitabuni. Walikuwa majirani wa kuogopwa, walioharibu mashamba na kuua watu. Vilevile walikuwa wahusika wa ngano za jioni. Kwa hiyo mtoto huyo aliwajua wanyama kwa njia mbili, kwa macho na kwa masimulizi. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana bila hilo picha zake hazieleweki.

Safari ya mjini

Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa kusini waliondoka makwao kutafuta kazi ya mshahara. Kusini palikuwa na barabara chache na ajira haba, ilhali mashamba ya mkonge ya Tanga yalihitaji mikono. Tingatinga naye alikwenda Tanga akafanya kazi katika mkonge. Mwishoni mwa miaka hiyo alihamia Dar es Salaam, ambako alikuwa na jamaa aliyetangulia. Huko akapata kazi ya utumishi wa nyumbani na bustani kwa afisa mmoja Mwingereza.

Kazi ya bustani inafaa kutazamwa kwa makini. Vitongoji vya Wazungu vya Dar es Salaam vilipandwa miti mingi ya kigeni. Mkrismasi, ambao maua yake huwaka kama moto mwezi wa Desemba, ulitoka Bukini, na mwarobaini ulitoka Bara Hindi. Mtumishi wa bustani alilipwa kuitunza miti iliyoletwa. Lakini katika rasi ya Msasani na Oysterbay palikuwa, na mpaka leo papo, mibuyu mikubwa ambayo hakuna mtu aliyeipanda kwa ajili ya kupamba. Mibuyu hiyo ilikuwapo kabla ya barabara na kabla ya nyumba. Hivyo jiji lilikuwa na mandhari mbili zilizopandana, mandhari ya bustani na mandhari ya asili, na mtu wa kutoka nyika ya Tunduru hakukosa kuitambua ile ya pili.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, maafisa wengi wa kikoloni wakaondoka, na watumishi wao wakabaki bila kazi. Tingatinga akaingia katika maisha ya kubangaiza ambayo wakazi wengi wa miji yetu wanayajua, akifanya kazi hii leo na ile kesho. Kwa muda wa miaka kadhaa hakuna jambo lililomtofautisha na maelfu ya wahamiaji wengine.

Mwaka 1968

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, Tingatinga alianza kuchora. Hakuwa amefundishwa na mtu, hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vitu alivyovipata katika maduka ya vifaa vya ujenzi na ya baiskeli. Alinunua silingibodi, ule ubao mwembamba wa kutengenezea dari, akaukata vipande vya mraba vya takriban sentimita 60 kila upande. Juu yake alipaka rangi ya kung'aa inayotumiwa kupaka baiskeli. Rangi hiyo hukauka polepole, haichanganyiki kwa urahisi, na humlazimu mchoraji achague rangi chache na kuziacha zisimame kila moja peke yake.

Kutokana na vifaa hivyo ulizaliwa mtindo. Kwanza aliupaka ubao wote rangi moja au mbili za usuli, akaziacha zikauke. Kisha alichora mnyama mmoja au wawili wakubwa, mara nyingi wakiujaza ubao karibu wote, kwa mstari wa nje ulio wazi. Hakujishughulisha na umbali wala kivuli. Mti, ulipokuwapo, ulisimama kama umbo kamili lenye shina na matawi yanayohesabika, nyasi zilikuwa michirizi michache, na ndege alitua juu ya tawi akiwa mkubwa kuliko inavyowezekana. Mtu aliyezoea picha za Ulaya angeweza kusema kwamba vipimo vimekosewa. Lakini msomaji wa ngano anafahamu kwamba katika hadithi sungura huwa mkubwa kadiri ya kazi anayoifanya, si kadiri ya mwili wake. Tingatinga alichora kwa vipimo vya hadithi.

Jambo jingine ni hili: silingibodi ni miti iliyosagwa na kushindiliwa. Wachongaji Wamakonde, ambao wakati huo kazi zao za mpingo zilikuwa zikinunuliwa sana Dar es Salaam, walihitaji gogo lenyewe. Tingatinga hakuwa na gogo. Alikuwa na mti uliopita kiwandani ukapoteza umbo lake, naye akaurudishia umbo kwa brashi.

Wahakiki wamejadiliana sana kuhusu chimbuko la mtindo huu. Wapo wanaosema kwamba Tingatinga aliona picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa jijini, akajiona anaweza kufanya hivyo naye. Wapo wanaoelekeza kwenye michoro ya kuta za nyumba za udongo katika jamii za kusini. Wengine hutaja athari ya soko la vinyago. Kwa maoni yangu, hoja hizi hazipingani. Picha za Kongo zingeweza kumwonyesha kwamba picha huuzika. Kuta za kusini zingeweza kumwonyesha kwamba mtu asiye na shule ya sanaa anaweza kuchora. Na soko la vinyago lilionyesha mnunuzi yuko wapi. Lakini chui, mbuyu na ndege alitoka nao mwenyewe.

Chini ya mti wa Morogoro Stores

Picha hizo ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, duka la Oysterbay lililotembelewa na wageni na wafanyakazi wa balozi. Huko ndiko soko lake lilikokuwa, na huko ndiko wachoraji waliomfuata walikoendelea kukaa chini ya mti, wakichora na kuuza papo hapo. Mkewe, Agatha Mataka, aliyekuwa pia mtu wa kusini, alishiriki katika kuuza. Wanunuzi wengi walikuwa Wazungu waliotaka kitu chepesi cha kubeba kwenye ndege. Baadaye kampuni ya serikali iliyoshughulikia biashara ya sanaa ilianza kuzinunua kazi zake.

Katika kipindi hicho Tingatinga alipata pia ajira katika Hospitali ya Muhimbili kama mhudumu. Mchana alihudumia wagonjwa, na saa zilizobaki alichora. Picha ziliposhika soko, nyumba yake ya Msasani iligeuka kuwa karakana. Vijana wa ukoo wake na wa kwao kusini walikuja kujifunza, wakiwemo January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde na Ajaba Abdallah Mtalia. Walijifunza kwa kutazama, kusaidia na kuiga, kisha kila mmoja akaanza kuongeza lake.

Hapa mwanafunzi wa fasihi simulizi atajikuta yuko nyumbani. Hivyo ndivyo mtambaji wa ngano anavyofundwa. Kijana husikiliza, hukariri, halafu siku moja hutamba mwenyewe, na hakuna anayemshtaki kwa kuiba ngano ya bibi yake. Ngano ina matoleo mengi, na kila toleo ni halali. Karakana ya Msasani iliichukua desturi hiyo ya masimulizi ikaitia katika rangi.

Ulinganisho na msanii wa chuo

Ili kuipima nafasi ya Tingatinga, inafaa tumlinganishe na mchoraji mwingine Mtanzania wa zama zake, Sam Ntiro (1923–1993). Ntiro alizaliwa katika nchi ya Wachaga, akasoma Makerere na baadaye katika chuo cha Slade mjini London. Alifundisha Makerere, akawa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza baada ya uhuru, na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York ilinunua picha yake. Ntiro alichora migomba, vihamba na watu wa Kilimanjaro wakiwa kazini. Tingatinga hakupata hata moja ya nafasi hizo.

Pamoja na tofauti hiyo kubwa, wasanii hawa wawili walifanya jambo moja. Wote waliichora nchi ya kwao wakiwa mbali nayo, kwa kumbukumbu, bila kuiweka mbele ya macho. Ntiro aliikumbuka Kilimanjaro akiwa Kampala na London, Tingatinga aliikumbuka nyika akiwa Oysterbay. Naona basi si sahihi kumwita mmoja msanii na mwingine fundi wa vitu vya watalii. Ni kweli kwamba picha za Tingatinga zilinunuliwa na wageni. Lakini mnunuzi wa kazi hana uwezo wa kuamua asili yake. Tukikubali hoja hiyo, itatupasa tuwanyime heshima washairi wetu wengi waliotunga kwa ajili ya matajiri na watawala waliowalipa.

Kifo chake

Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa na umri wa miaka 40, na alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Siku moja alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake. Polisi walidhani gari hilo ni la wahalifu waliokuwa wakisakwa, wakalifyatulia risasi. Risasi ikampata Tingatinga, naye akafariki. Hakuwa mwizi, alikuwa mchoraji na mfanyakazi, mume, na baba wa watoto wawili.

Kifo hiki husimuliwa kwa sentensi moja katika maandishi mengi, kisha mwandishi huharakisha kusifu mtindo. Mimi naona tusiharakishe. Nyumba nyingi za Oysterbay zilikuwa na chui wake ukutani. Jiji lilizijua picha zake, lakini halikumjua yeye. Barabarani alikuwa mhamiaji maskini kama wengine, na mtu wa namna hiyo hushukiwa kwanza. Msanii asomaye chuoni hulindwa kidogo na cheo chake. Msanii wa chini ya mti hana kinga hiyo, na maisha ya Tingatinga yalikatizwa kabla hajapata muda wa kutuonyesha angefika wapi.

Baada ya kifo

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora na kuuza mahali pale pale, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo waliunda chama cha ushirika chenye jina la Tingatinga. Mtindo nao ukabadilika. Mnyama mmoja akawa wanyama kumi. Nukta ndogo ndogo zikajaza nafasi. Mlima Kilimanjaro ukaingia nyuma ya twiga. Soko, hospitali na mtaa vikachorwa. Simon Mpata alifika Nairobi, akajipatia jina lake mwenyewe kabla ya kufariki mwaka 1984. Sifa yake ilifika Japani, na hoteli moja ya kitalii katika Maasai Mara imepewa jina lake. Mwaka 2010 vipindi vya katuni viitwavyo Tinga Tinga Tales, vilivyotengenezwa Nairobi, vilianza kuonyeshwa kwenye televisheni. Navyo si vingine ila ngano za usuli, zile zinazoeleza kwa nini mnyama fulani yuko alivyo. Kwa njia hiyo picha zilizotoka katika ngano zilirudi kuwa ngano.

Hata hivyo, kuna upande wa pili wa mambo. Jina la Tingatinga limekuwa bidhaa. Limeandikwa kwenye fulana, sahani na mabango ambayo yeye na warithi wake hawakuhusika nayo. Aidha, zimetokea picha zenye saini yake ambazo hakuzichora. Nimekwisha kusema kwamba kuiga mtindo ni halali kama kutamba ngano ya wazee. Kughushi saini ni jambo jingine. Mtindo ni mali ya jamii, saini ni ya mtu. Anayeichora nyika kwa namna ya Tingatinga anamuenzi. Anayeandika jina lake chini ya kazi isiyo yake anamwibia marehemu aliyeuawa kwa kudhaniwa mwizi.

Hitimisho

Maisha ya Edward Saidi Tingatinga yanatufunza kwamba msanii wa mjini hahitaji kuikana nchi aliyotoka ili awe msanii. Mji ulimpa ubao, rangi na wanunuzi. Nyika ilimpa la kuchora. Angeukosa mji, asingekuwa na soko. Angeisahau nyika, asingekuwa na picha. Alichukua vitu duni vya dukani akaviunganisha na kumbukumbu ya miti na wanyama wa kwao, na kazi ya miaka minne imeishi zaidi ya nusu karne.

Somo hilo linatuhusu sisi wa Bungoma na Kitale. Ndani ya eneo la Makumbusho ya Kitale kuna kipande cha msitu wa asili chenye njia ya kutembelea, kilichobaki huku mji ukikua pande zote. Mchoraji kijana anaweza kuingia humo asubuhi moja na kurudi na umbo la mti ambalo hakuna nazi wala jahazi litakaloweza kushindana nalo. Rangi ya baiskeli bado inauzwa madukani. Sisi wa Kiswahili nasi tuna wajibu wetu: kumwita mchoraji huyo msanii tangu sasa, kuandika juu ya kazi yake angali hai, na kulijua jina lake kabla halijawa jina la duka.